Tone la Babu

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Bibi naye mfikishie shikamoo yake, umwambie kwa sauti maana sikio lake la kushoto najua limeshastaafu. Mimi mzima, tena nimenenepa, viatu vya kazi tu ndivyo vinanibana. Nimepata chumba nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Dirisha halifungi vizuri, lakini jirani hana redio, na hiyo ni bahati si haba. Wewe husema simu ni ya waongo na barua ni ya watu wazima. Haya, nakuandikia kama mtu mzima.

Sasa kaa chini. Nimepewa kazi! Kazi hasa, siyo kumshikia mtu kebo. Hapa tunasaga mawe yawe kokoto, na mashine yenyewe ni taya kubwa la chuma linalotafuna jiwe kama karanga. Kiunzi kinacholibeba hilo taya, chuma kinene kupita upana wa kiganja changu, kimepata ufa. Karakana nzima imeshanitajia ile methali ya ufa na ukuta, kwa hiyo wewe usithubutu.

Mkuu wa karakana ni mama mmoja tunamwita Bi Vipimo, kwa sababu hata chai haweki mdomoni bila kuipima joto. Aliniita pembeni akasema, "Wewe mgeni, nimeuona mkono wako, umetulia. Ufa huu nakupa wewe. Mshono ukishika, unabaki hapa kama fundi wa ukarabati. Usiposhika, kiunzi kipya wenye kiwanda hawanunui, watafunga mtambo wa kokoto, na wewe na wenzako mtarudi nyumbani." Mjomba, niliitikia kabla hajamaliza. Ulimi wangu unaujua.

Na ufa wenyewe hatuukati kwa grenda, tunauchimbua kwa moto! Kuna kijiti cha kaboni kilichovikwa shaba, unakibana kwenye mshikio, umeme unayeyusha chuma, halafu hewa ya kompresa inakipuliza kile kilichoyeyuka kiruke nje. Unabaki na mfereji safi, tayari kujazwa. Nilijaribu kwenye chuma chakavu. Makelele yake sikuambii, na cheche zinaruka mpaka ukutani. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti. Uliponiita Cheche nikiwa mdogo hukujua utanifikisha huku.

Ila Bi Vipimo anasema chuma kinene hivi ukikichimbua kikiwa baridi, kingo za mfereji zinakakamaa na kupasuka upya. Lazima kipashwe kwanza. Sisi nyumbani tunachomelea mageti na majembe, ni lini tulipasha kitu? Lakini wewe ujanani ulikuwa kwenye karakana ya matrekta. Nieleze unachokijua, upesi.

Mpwa wako,
Cheche


Tarehe 20 Februari

Cheche,

Marahaba. Bibi yako ameitikia ya kwake kabla sijafungua mdomo vizuri, kwa hiyo hilo sikio limestaafu pale linapotaka tu. Kaka yako Mrefu amejigonga kwenye kizingiti cha mlango mpya wa karakana, akadai nilikipima kwa ajili ya kuku. Mama yako anasema ule mboga na uache kulala umevaa soksi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Kiunzi cha mashine ya kusaga mawe! Mimi kikubwa nilichowahi kushika ni ekseli ya trekta.

Haya, mambo ni haya. Kwanza usafi. Ondoa rangi, grisi na kutu mpaka chuma king'ae, tena eneo pana kuliko unavyodhani. Ufa wa mashine hunywa grisi. Ukianza kupasha utaiona inatoka na moshi. Ifute, pasha tena, ifute tena. Maji nayo yaogope. Unyevu ukiingia kwenye chuma kilichoyeyuka unakaa humo kimya, na siku ukitoka unatoka na ufa.

Halafu moto. Usikae mahali pamoja na tochi kama mtu anayewasha sigara. Izungushe polepole, eneo zima, na joto ulipime upande wa pili, siyo huo unaoupasha. Ngozi ya chuma ni mwongo mkubwa, inakuambia tayari wakati moyo bado baridi. Na usiteme mate kuona kama yatachemka. Tabia hiyo umeitoa kwangu na naomba uirudishe.

Ukishachimbua, utaona mfereji una ngozi nyeusi. Hiyo ni kaboni ya kijiti, inafanya chuma kiwe kigumu kama kioo. Isage kwa grenda mpaka uone chuma cheupe. Usimwonee haya mtu anayekuambia umechelewa.

Na mwisho, tone. Babu yako hakuna kazi aliyoimaliza asiguse ncha ya kijiti cha kuchomelea kando ya mshono, mara moja tu, likabaki tone dogo. Mimi naliweka. Wewe umeliweka tangu geti lako la kwanza. Sasa kiunzi kikubwa hivyo tone letu likikosekana, babu yako atageuka kaburini. Litie mahali pa kuonekana.

Mjomba wako


Tarehe 15 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo! Wote shikamoo! Soksi nimeacha, mwambie mama, mboga nazila, na kichwa cha kaka pole yake.

Mjomba, taya linatafuna! Nakuandikia huku nalisikia. Chumba changu kiko mbali na kiwanda, lakini upepo ukija huku linasikika, na kila jiwe likivunjika nasema hilo ni langu.

Ngoja nikuhadithie. Kusafisha peke yake kulinimalizia brashi za waya. Grisi ilitoka kama ulivyosema, moshi mweusi, nikaifuta mpaka kitambaa kikawa kinatoka kisafi. Tukatoboa tundu kwenye kila ncha ya ufa, usije ukakimbia mbele yangu nikiufukuza. Bi Vipimo akaleta chaki za joto. Hizi chaki zingekufurahisha: unachora mstari kwenye chuma, na kama joto halijafika mstari unabaki mkavu, likifika unayeyuka kama siagi. Tukachora upande wa pili. Wenzangu wakaanza kupiga miayo, mmoja akauliza kama tunapika maharage. Mimi nazungusha tochi tu. Ule mstari ulipolainika nilipiga kelele, nikaona aibu, kisha wote wakapiga kelele.

Kuchimbua sasa! Hewa inanguruma, chuma kinaruka, mkono unataka kukimbia na wewe unauambia tulia. Nikasaga ngozi nyeusi yote. Bi Vipimo akapaka ile rangi nyekundu inayojipenyeza kwenye nyufa, akafuta, akapuliza unga mweupe juu. Kama ufa umebaki, wekundu unajichora kwenye unga. Haukujichora. Nikajaza mfereji, kijiti baada ya kijiti cha kuchomelea kutoka kwenye oveni yake ya kuvikausha, joto halikushuka, na mwisho tukakifunika kiunzi kwa mablanketi kipoe taratibu.

Asubuhi yake tukakifunua. Mjomba, mshono ule ungeulamba. Na kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha kabisa, kimya kimya nikawasha mashine ya kuchomelea, nikaweka tone. Mahali pa kuonekana.

Wako, mwenye furaha mpaka halali usiku,
Cheche


Tarehe 2 Aprili

Cheche,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma karakanani kwa sauti, mara ya kwanza kwa mafundi, mara ya pili kwa wateja, mara ya tatu kwa mzee mmoja aliyekuja kuuliza njia. Jirani yangu mhunzi amejifanya hajavutiwa, lakini nilimwona anakuja kusikiliza tena. Bibi yako alikuwa amekaa mlangoni. Alitikisa kichwa tu pale penye tone.

Nitumie picha. Tone lionekane. Na uniambie kama umeshapewa hicho cheo au bado wanakuzungusha.

Mjomba wako, ambaye kofia haimtoshi tena


Tarehe 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, bibi, mama, kaka, na majirani. Mimi sijambo. Huku mvua imenyesha kidogo. Mwenye duka la baiskeli amepaka ukuta rangi ya kijani. Viatu nimepata vipya, havibani. Dirisha nimelitengeneza.

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Mashine imepumzishwa kwanza kwa siku chache. Picha nitatuma.

Kuna kitu nilitaka kuuliza, siyo kikubwa. Hivi babu tone lake aliliweka chuma kikiwa bado cha moto, au kikishapoa? Na yeye alichomelea vyuma vinene au vyembamba tu? Nauliza tu.

Mpwa wako


Tarehe 19 Mei

Cheche,

Marahaba. Hatujambo.

Mwanangu, nimekufundisha kushika kijiti, sijakufundisha kudanganya, na inaonekana hukupata mwalimu mwingine. Umeniandikia rangi ya ukuta wa watu. Mashine ya kusaga mawe tangu lini ikapumzishwa, imekuwa mama mjamzito? Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema.

Na hilo swali lako nimelielewa, usidhani sikulielewa. Babu yako aliliweka kazi ikishapoa, kama wewe, kama mimi, na hakuna geti wala jembe lililovunjika kwa ajili ya tone. Kama huyo mama wa vipimo ndiye anayekutia maneno, mwambie ukoo huu ulikuwa unachomelea kabla yeye hajanunua kipimo cha kwanza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nimekasirika kidogo. Lakini niandikie.

Mjomba wako


Tarehe 1 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za wote nimezibana hapa kwa neno moja ili nisipate pa kujificha.

Kiunzi kimepasuka tena. Siyo kwenye mshono. Mshono ni mzima, hata leo ungeulamba. Bi Vipimo alipaka rangi nyekundu, akapuliza unga, tukasubiri. Wekundu ukaanza kujichora taratibu. Ulianzia kwenye tone. Katikati yake kabisa, Mjomba, kisha ukashuka kuelekea chini kama mtu aliyeonyeshwa njia.

Hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilinitia uchungu zaidi. Aliniuliza tu, "Hiki kidoa ni nini?" Nikamwambia ni alama ya babu yangu. Akanieleza. Chuma chembamba cha geti hakijali. Lakini chuma kinene chenye kaboni kikiwa baridi, ukikigusa kwa umeme mara moja, pale mahali padogo panaungua na kupoa ghafla, panakuwa pagumu na kukosa subira. Nilipasha kiunzi kizima kwa uangalifu wote ule, halafu nikaja asubuhi kukigusa kikiwa baridi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba nimeuchoma mwenyewe, kwa heshima zote.

Sikuandika mapema kwa sababu nilijua utasikia kwamba namsema babu. Simsemi. Nampenda kama unavyompenda wewe.

Sasa sikia na zuri. Nilidhani nimefukuzwa, lakini Bi Vipimo amewaomba wenye kiwanda nafasi moja ya mwisho, na wamekubali, mpaka mwisho wa mwezi huu. Kikishika, mtambo unaendelea. Kisiposhika, wanafunga, na wenzangu wote wanajua ni kwa ajili ya nani. Na bado wamekuja kunisaidia kusafisha! Yule wa maharage ndiye wa kwanza kushika brashi. Naogopa, lakini mikono inawasha, nataka kuanza hata leo.

Safari hii siweki tone. Naomba radhi zako kabla sijawasha moto. Bila radhi zako nitafanya, maana lazima, ila mkono utakuwa mzito.

Cheche


Tarehe 18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Najua posta ni posta, lakini pia nakujua wewe.

Tunaanza Jumatatu ya wiki ijayo. Chuma kimeng'aa mpaka najiona, na nimekonda kumbe. Kijiti cha kaboni kipo, kompresa imejaribiwa, chaki zipo mfukoni. Ni neno lako tu ndilo halijafika.

Cheche


Tarehe 21 Juni

Cheche, Cheche, Cheche!

Barua hii siitii posta, nampa dereva wa lori la saruji anayekuja huko kwenu. Nimemwambia asipokufikishia nitamchomelea milango akiwa ndani.

Marahaba zako zote pokea kwa pamoja. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nataka kukushinda. Ukweli ndio huo. Nilisema nitamwonyesha huyu mtoto na mama yake wa vipimo. Nikachukua vipande viwili vya ekseli ya trekta, vimetoka chuma kimoja, vinene sawasawa. Kimoja nikakigusa tone kikiwa baridi, kingine nikakiacha. Nikampelekea mhunzi, nikamwambia, "Piga vyote, usinionee huruma."

Mtaa ulijaa! Unajua mhunzi akiona watu wanatazama anavyovua shati. Akabana kile kisicho na tone, akapiga. Kikapinda, kikalalamika, kikazidi kupinda. Akabana chenye tone. Mimi nimeshika kiuno, natabasamu. Pigo la kwanza, kimya. La pili, paa! Kimekatika, nusu imerukia ndani ya ndoo ya maji ya mhunzi. Nikakiokota. Kimekatikia pale pale, kwenye tone. Watu wakashangilia bila kujua wanamshangilia nani. Nilikuwa nimeshaiweka tayari ile methali yangu ya asiyesikia la mkuu. Kumbe guu lililovunjika ni langu.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Nikamwonyesha bibi yako kile kipande, nikamwambia, "Mama, tone la mzee linavunja chuma." Nilidhani atalia. Akakigeuza geuza mkononi, akaniuliza, "Kwani wewe ulidhani lile tone ni pambo?"

Basi akanieleza jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu anizae. Babu yako hakujua kuandika jina lake. Mafundi wa siku zile kazi ikivunjika walikuwa wanaruka, kila mmoja anasema siyo yangu. Yeye akaweka tone ili asiweze kuruka. Ikivunjika, wamletee yeye. Hilo tu. Mimi miaka yote nimeliweka kwa kujisifu, na wewe nimekufundisha kulitia mahali pa kuonekana.

Kisha akasema, nakuandikia kama alivyosema: "Sasa imevunjika, na huyo mtoto amerudishiwa, na hakukimbia. Tone limeshafanya kazi yake. Nyie mnagombania nini?"

Cheche, radhi zangu unazo, za bibi yako unazo, na za mzee nazichukua mimi kwa niaba yake. Ila nimefikiria kitu. Moto wako wa kwanza lazima uuwashe mahali. Basi usiuwashe kando, uwashe ndani ya mfereji, chini kabisa, chuma kikiwa cha moto mpaka moyoni. Lile tone la kwanza kabisa, kabla mkono haujaanza kutembea, hilo ndilo la babu. Utapita juu yake na moto, litayeyuka liwe mwili mmoja na kiunzi. Hakuna atakayeliona, na wala halihitaji kuonekana.

Nenda kawashe.

Mjomba wako


Tarehe 14 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, na bibi mbusu mikono yote miwili. Kaka, mama, mhunzi na shati lake, wote nawasalimu. Dereva wa saruji alinikuta getini Jumatatu asubuhi, nimeshavaa glavu. Alikuwa na hofu kweli, sijui ulimwambiaje. Barua niliisoma nimeegemea mtungi wa gesi, nikacheka, nikalia, Bi Vipimo akaniambia nifute uso kwanza maana unyevu hautakiwi hapa.

Tulipasha. Mjomba, hakuna aliyepiga miayo. Watu walipokezana tochi, na kila mmoja alitaka awe yeye anayechora chaki. Nikauchimbua ufa mpya, na lile tone langu la zamani nikalifuata kwa kijiti cha kaboni, nikaliona linaruka na hewa, jekundu, likapotea. Sikuhuzunika. Nikasaga mpaka chuma cheupe, rangi, unga, safi. Tukapasha tena mpaka upande wa pili ukayeyusha chaki.

Kisha nikainama juu ya mfereji, nikatia kijiti chini kabisa, nikagusa. Likawa tone. Nikalitazama kidogo kupitia kioo cha helmeti, nikapita juu yake na moto, nikaendelea kujaza.

Leo taya limetafuna wiki nzima na zaidi. Bi Vipimo amepaka rangi yake kila alipopata nafasi, na unga umebaki mweupe. Wenye kiwanda wamekuja kutazama, wameshika viuno, wameondoka, na mtambo haufungwi. Mimi nimepewa ovaroli mpya, imeandikwa fundi wa ukarabati mgongoni. Ni kubwa kwangu, lakini siipunguzi hata kidogo.

Walipoondoka, Bi Vipimo alibaki anapapasa kando ya mshono kwa kidole. Akasema, "Safari hii sikukuona ukiweka alama ya babu yako."

Nikamwambia, "Ipo."

"Iko wapi?"

"Chini kabisa."

Akaondoa kidole, akauliza, "Sasa itasaidia nini huko, kama hakuna anayeiona?"

Nikamwambia kiunzi hiki siku kikipasuka, leo au nikiwa nimezeeka, wasiulize ni cha nani. Waniletee mimi.

Cheche